Namna ya Kuwa Prodyuza Mkubwa Bila Kumaliza Wimbo

Karibu, mdogo wangu, vuta kiti. Najua kilichokuleta. Unataka kuwa prodyuza wa kujitegemea, hapa hapa Dar es Salaam: huna bosi, huna daftari la mahudhurio, unaamka saa tano, na jina lako linasikika redioni kutwa. Ni nia njema na nitakusaidia. Ila kwanza nikutoe tongotongo. Wamekudanganya kwamba ili ufike huko lazima utengeneze nyimbo, tena uzimalize. Wimbo uliokamilika ni ushahidi. Ukikamilika unatoka, ukitoka unasikilizwa, ukisikilizwa watu wanajua uwezo wako unaishia wapi. Wimbo ambao bado uko jikoni haujawahi kumwaibisha mtu. Jina lako tutalijenga juu ya nyimbo za namna hiyo.

Funga mlango basi, wasanii wasitusikie.

Hatua ya kwanza: jina litangulie mdundo

Kompyuta inaweza kusubiri, jina haliwezi. Chagua lenye cheo ndani yake: Dokta, Profesa, Jenerali, Jini. Kama hesabu zilikushinda kidato cha pili, hiyo ndiyo sababu hasa ya kujipa uprofesa. Ukikosa cheo, chukua jina ulilopewa na wazazi, likate katikati, bandika Z mwishoni, na herufi mojawapo igeuze tarakimu.

Kisha chata. Tafuta binti mwenye sauti ya kunong'ona alitaje jina lako kwa madaha. Chata likae mwanzo wa wimbo, kabla ya kiitikio, baada ya kiitikio, na kila mahali msanii anapovuta pumzi. Likifunika mashairi, usijali. Mashairi ni ya msanii, na msanii bado hajamalizia hela yako.

Wakongwe walikwenda kinyumenyume. P Funk Majani pale Bongo Records, Master Jay pale MJ Records, Mika Mwamba yule Mfini: majina yao yalikuja nyuma ya nyimbo, kanda baada ya kanda, miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpaka msikilizaji akawa anautambua mkono wa prodyuza kabla msanii hajafungua mdomo. Hiyo ni njia ya watu wasio na haraka. Wewe una simu yenye kamera. Kazi iliyowachukua miaka, utaimaliza leo kabla ya taarifa ya habari.

Hatua ya pili: nunua vinavyoonekana

Vifaa viko vya aina mbili, vya kusikika na vya kuonekana. Hela yako iende kwenye vya kuonekana. Anza na taa za ukutani zinazobadilika rangi, halafu kiti cha kuzunguka chenye mgongo mrefu. Akija mteja, zunguka polepole kabla ya kumsalimia.

Maiki utaipata Kariakoo. Utaikuta imeandikwa Shure kwa herufi za kuvutia, bei yake kama ya kuku mmoja na soda zake. Ile SM58 halisi inatengenezwa tangu 1966 na huuzwa karibu dola 100. Wanamuziki wanaiangusha jukwaani, wanaiokota, wanaendelea kuimba. Yako imeshuka bei kwa sababu muuzaji amekupenda. Usiifungue ndani.

Upande wa programu, mtaa mzima unatumia FL Studio, ile ya Wabelgiji ambayo wazee wa kazi bado wanaiita FruityLoops. Wewe tafuta ya kukraki. Maelezo yake yatakwambia uzime kwanza kinga ya virusi. Zima. Mtu usiyemjua, usiyejua anaishi nchi gani, akikuomba uzime ulinzi wa kompyuta yako, ujue ameshakuamini. Ni vibaya kumwangusha. Wapo watakaokuambia kuhusu Reaper, eti leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, eti unajaribu siku 60, na hata zikiisha inafunguka tu na kukukumbusha deni kwa adabu. Haina sifa mtaani, haitufai.

Lakini kama dhamiri inakusumbua na hutaki cha wizi, chukua toleo la majaribio la hiyo hiyo FL Studio. Linakuruhusu kutengeneza mdundo na kuutoa. Tatizo linaanza ukishahifadhi mradi na kuufunga: kuufungua tena uendelee pale ulipoishia huwezi, mpaka ulipie. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Kwa mtu mwenye malengo kama yetu, haijapata kutengenezwa programu yenye huruma zaidi.

Na usiniletee habari za vijana wa singeli. Najua. Walikuwa na kompyuta zilizochoka, mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika, na vyumba ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na baada ya hapo baadhi yao wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Sawa. Lakini ulishawahi kuona kiti chao?

Hatua ya tatu: chumba cha mayai

Studio ni trei za mayai. Bila trei ukutani, hicho ni chumba cha kulala chenye kompyuta. Kusanya trei kwa mama ntilie na wauza chipsi wote wa mtaa, gundisha ukuta mzima, mlango na dari, paka rangi nyeusi.

Nikuambie siri ya trei, ila ibaki hapa. Hazizuii sauti. Zinavunjavunja kidogo sauti nyembamba, basi. Besi ya hezi 50 ina wimbi lenye urefu wa karibu mita saba. Ikikutana na karatasi iliyofinyangwa, inapita bila hata kupiga hodi. Mtu anayetaka kurekodi sauti safi kwa hela kidogo angetumia magodoro, mablanketi mazito, au angemsimamisha mwimbaji mbele ya kabati lililo wazi lenye nguo tele. Nguo zinameza mwangwi vizuri sana. Lakini ni nani atakayepiga picha ya kuweka Instagram akiwa mbele ya kabati la mama, magauni ya vitenge yakining'inia nyuma ya kichwa chake? Sisi tunakaa na mayai.

Matokeo yake, jogoo wa jirani ataingia kwenye kila wimbo utakaorekodi. Bodaboda itaingia. Muuza kahawa ataingia na vikombe vyake. Msanii akilalamika, mwambie hiyo ndiyo ladha ya uswahilini, wazungu wanailipia.

Hatua ya nne: kujifunza

Ruka. Ilihusu kinanda na mazoezi ya masikio.

Hatua ya tano: bei

Usitaje bei kamwe. Mteja akiuliza, sema, "Wewe tena! Njoo kwanza tufanye kazi, tutaongea." Neno "tutaongea" limelea familia nyingi mjini hapa. Bei ikitajwa, mteja anapata haki ya kuuliza anapewa nini, lini, na marekebisho mangapi. Bei isipotajwa mnabaki ndugu, na ndugu hawadaiani risiti.

Kianzio lakini uchukue. Kila prodyuza anayejiheshimu huchukua nusu ya hela ambayo haijatajwa. Mwambie atume kwa simu na aongeze ya kutolea. Hela ikiingia, itumie siku hiyo hiyo. Ikilala mfukoni inaweza kukushawishi kufanya kazi. Na nusu ya pili usiikimbilie. Nusu ya pili hulipwa kazi ikikamilika, na hapo umeona mwenyewe mtego ulipo.

Wasanii chipukizi ndio soko lako. Wengi wana laki mbili walizochangiwa na dada zao na ndoto ya kumfunika Diamond kabla ya Krismasi. Usiivunje. Sikiliza demo yake ukiwa umefumba macho, tikisa kichwa mara moja, kisha nyamaza muda mrefu. Yeye mwenyewe atajaza ule ukimya na sifa ambazo wewe ungeona haya kuzitamka.

Sasa, kuna watu wa ajabu katika fani hii na lazima nikuonye usiwaige. Hao hawana chata. Wanatengeneza matangazo ya redio ya sekunde 30, majingo ya vipindi, sauti za simu za makampuni zile za "bonyeza moja", sauti za filamu za asasi zinazofundisha kunawa mikono. Wanasafisha podikasti za watu, wanaondoa vikohozi na feni. Wanapeleka nukuu ya bei kwa maandishi, wana namba ya mlipa kodi, wanatoa ankara, wanakatwa kodi ya zuio na kukaa kimya, wanasubiri malipo miezi miwili bila kutukana. Mtaani hakuna anayewajua. Wana viwanja Kigamboni na ada za watoto wanalipa mwezi wa kwanza. Ukikutana na mmoja wao kwenye daladala, mpishe kiti, muonee huruma: maisha yake yote hajawahi kutajwa kwenye wimbo.

Hatua ya sita: kwaya

Hapa nitakaa kidogo, maana kwaya ni hazina ambayo maprodyuza wengi wanaichezea.

Kwaya italipa. Msanii wa Bongo Fleva anakuja na ahadi. Kwaya inakuja na michango. Watakuja arobaini, kwa sare, na uongozi kamili: mwenyekiti, katibu, mwalimu wa kwaya, mweka hazina, na mama mmoja asiye na cheo ambaye ndiye mwenye kauli. Wewe una maiki mbili, moja ni ile ya Kariakoo. Waingize wote mara moja chumbani kwenye mayai, funga dirisha ili sauti isitoke, zima feni ili isisikike. Baada ya robo saa besi wa safu ya nyuma wataanza kuimba kwa unyenyekevu wa kweli.

Mtu mwenye utaratibu angewagawa. Soprano waje Jumamosi moja, alto nyingine, tena wanne wanne, kila kundi lirudie mara mbili au tatu ili sauti nane zisikike kama ishirini na nne. Angeanza na mapigo na kinanda cha kuongozea ili tempo isikimbie kila panapofika haleluya. Angemaliza albamu yao ya nyimbo nane kwa wiki chache. Achana na hayo. Rekodi wote pamoja, na yule soprano mwenye sauti ya kupasua atafunika arobaini peke yake. Ukiulizwa, sema utamshusha kwenye miksi. Kumshusha huwezi, ameingia kwenye maiki zote mbili.

Wa kumwogopa katika kundi lile ni mweka hazina. Ana daftari. Anaandika tarehe, kiasi, na maneno uliyosema, na neno "tutaongea" ataliandika hivyo hivyo, halafu atakuuliza mnaongea lini. Mbele yake vaa miwani.

Silaha yako ni uzinduzi. Kwaya haina albamu bila uzinduzi, na uzinduzi una mgeni rasmi, kadi zimeshachapishwa, ukumbi umelipiwa, pilau limepangiwa bajeti. Hakikisha siku ya uzinduzi imepangwa kabla hujaanza miksi. Kuanzia siku hiyo mamlaka yote yako kwako, maana mafaili yako kwako. Zikibaki siku tatu, piga simu kwa mwenyekiti, sauti iwe chini, mwambie faili kuu limegoma kufunguka.

Hawatakutukana. Watakuja kuiombea kompyuta. Watasimama kuizunguka, wengine wataiwekea mikono, na mama asiye na cheo ataongoza. Nawe inamisha kichwa. Usifungue jicho kuangalia kama imewaka.

Hatua ya saba: visingizio kwa mpangilio

Wengi wanaharibu jina kwa kutumia visingizio ovyo. Vipange kwa uzito, anza na chepesi.

Umeme ndio wa kwanza, na ni kisingizio cha kistaarabu kwa sababu kila mtu ameshakipitia. Ila fanya utafiti. Usimwambie mtu umekatikiwa umeme tangu jana wakati anaishi nyumba ya pili kutoka kwako na friji lake linanguruma. Na akikuambia atakununulia Luku, usimkatalie, chukua tokeni.

Baada ya umeme, kompyuta. Iko kwa fundi. Fundi amesafiri. Fundi amerudi ila kifaa kinatoka Dubai.

Kisha diski. Wataalamu wana kanuni yao: nakala tatu za kila kazi, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na nyumba, ili moto ukiunguza chumba au mwizi akiingia kazi iwe salama. Unaona walivyojinyima? Mtu huyo diski ikifa hana la kusema, inabidi afanye kazi. Wewe kuwa na diski moja tu ya nje, iweke ukingoni mwa meza, karibu na kikombe cha chai, na waya wake upite pale watu wanapokanyaga.

Mwisho kabisa ndiyo misiba. Tumia kwa nadra na kwa kumbukumbu. Andika mahali umemuua nani, kwa ajili ya mteja gani, na mwezi gani. Nimeona mtu mwenye kipaji akianguka kwa sababu alimzika mjomba mmoja mara mbili kwa msanii yule yule, tena msanii aliyekuwa ametoa rambirambi mara ya kwanza.

Mara nyingine, katikati ya visingizio vyako, atajitokeza mzee wa muziki wa dansi, atakukalia na kuanza: sisi enzi zetu bendi nzima ilikuwa inaingia studio ya Radio Tanzania, magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji, wote mnapiga pamoja, mmoja akikosea mnarudia wote toka mwanzo, na mnatoka humo na nyimbo kamili. Atakuambia kanda zile mpaka leo zinapigwa. Mwache amalize, mpe soda, halafu muulize kwa upole: mzee, chata la prodyuza lilikuwa linasikika dakika ya ngapi?

Hatua ya nane: miksi

Ikitokea bahati mbaya umefika kwenye miksi, kumbuka neno moja: sauti juu. Pandisha ngoma, besi ikizidiwa pandisha besi, msanii akipotea pandisha msanii, kisha rudia mzunguko mpaka taa zote ziwe nyekundu. Nyekundu ni rangi ya ushindi. Kwenye sauti ya kidijitali hakuna nafasi juu ya desibeli sifuri, wimbi likifika hapo linakatwa kichwa, na kinachobaki ni mkwaruzo. Uite "joto".

Wapo watakaokukatisha tamaa kwamba Spotify husawazisha nyimbo ziwe na ukubwa wa sauti wa karibu LUFS -14, na YouTube nayo huzishusha zilizozidi. Kwamba ukipeleka wimbo unaopiga kelele utarudishwa chini ulingane na wenzake, na mkwaruzo wako ukiwa nao vilevile. Wajibu kwamba wewe unamiksi kwa ajili ya mtaa. Ni jibu zuri kwa kila swali la kitaalamu.

Mwimbaji akiwa nje ya ufunguo, Auto-Tune. Hii aliileta Andy Hildebrand mwaka 1997, na mwaka uliofuata dunia ikaisikia kwenye Believe ya Cher. Kabla ya hapo kazi ya Hildebrand ilikuwa kuchambua mitetemo ya ardhini kwa ajili ya kampuni za mafuta. Mtu aliyezoea kutafuta mafuta chini ya miamba akaja kutafuta noti kwenye koo la mwanadamu. Kwa hiyo wimbo ukiwa bado hauko sawa baada ya kuiweka, mweleze msanii kisayansi: si kila ardhi ina mafuta.

Wakati wa kumsikilizisha, mpe kiti chako, zima taa kubwa, washa zile za rangi, spika mpaka mwisho. Kwa sauti kubwa kila wimbo ni mzuri. Usimruhusu aujaribu kwenye simu yake. Spika ya simu haitoi besi ya chini, na wimbo wako wote uko kwenye besi ya chini. Atasikia kofi, pumzi, na yule binti anayelitaja jina lako.

Hatua ya tisa: makaratasi

Usisaini chochote, na usimsainishe mtu.

Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na kuna COSOTA ya kusimamia mambo hayo. Mtunzi ana haki yake, mwimbaji ana yake, na mwenye rekodi ana yake. Sasa mwenye rekodi ni nani? Wewe utasema ni mwenye kompyuta. Mkataba wa WIPO wa mwaka 1996 kuhusu waimbaji na rekodi unamtazama yule aliyeanzisha kazi ya kurekodi na kubeba dhamana yake. Anaweza kuwa wewe. Anaweza kuwa msanii aliyelipa. Anaweza kuwa yule dada yake wa laki mbili. Ungeweza kulimaliza suala hili kwa karatasi moja siku ya kurekodi: jina la wimbo, majina yenu, nani ametunga nini, asilimia ya kila mmoja, sahihi. Dakika kumi. Lakini dakika hizo kumi zitawanyima mashabiki ugomvi wa miaka kumi, na wewe siyo mchoyo.

Mpango wetu ni huu. Wimbo ukifa, wewe ulikuwa unabonyeza kompyuta tu. Wimbo ukipaa, wewe ndiye uliyeutunga, ukamfundisha kuimba, na nusu ya kila kitu ni yako. Kuna kasoro ndogo: msanii naye ana mpango huo huo, kwa upande wake. Hapo ndipo mtakapokutana kwenye vipindi vya redio vya mchana, kila mmoja na siku yake, na wewe utasema umedhulumiwa. Sema kwa huzuni, usitaje kiasi. Prodyuza aliyedhulumiwa anaalikwa kwenye mahojiano zaidi ya aliyelipwa.

Midundo nayo isikuchoshe. Iko chungu nzima YouTube, imeandikwa kabisa kwamba ni ya bure. Maandishi madogo ya chini, yanayosema bure ni kwa mazoezi na ukitaka kuuza ununue leseni, yameandikwa kwa ajili ya watu wenye macho mabaya. Shusha, bandika chata lako, mkabidhi msanii. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID, tangu 2007, unaolinganisha sauti zinazopandishwa na zile zilizosajiliwa na wenyewe; siku ukiushika wimbo wenu, mapato yataenda kwa kijana wa Atlanta ambaye hata hajui kwamba ana wimbo wa Kiswahili. Msanii akija analia, mpongeze. Mwambie mmeshafanya kolabo ya kimataifa.

Hatua ya kumi: semina

Ukifuata haya yote kwa uaminifu, baada ya muda simu itapungua kuita. Ni dalili nzuri, maana yake umekomaa. Mtu aliyekomaa hafanyi kazi, anafundisha.

Tangaza darasa la siku mbili: "Siri za Uprodyuza na Ujasiriamali wa Sauti." Picha yako iwe kubwa kuliko maandishi, mikono umeikunja kifuani, spika nyuma. Andika kwamba nafasi ni chache. Vyeti vichapishwe kabla ya masomo, vyenye muhuri. Siku ya kwanza zungumzia safari yako. Siku ya pili zungumzia watu waliokuwekea vikwazo kwenye safari yako. Akiuliza mtu namna ya kupanga maiki kwa kwaya ya watu arobaini, msifu kwa swali zuri na umwambie hilo liko kwenye darasa la juu, ambalo lina ada yake.

Kaa macho na mmoja tu. Katika kila darasa yupo binti fulani, au kijana fulani mkimya, anayekaa karibu na mlango na kompyuta ya kuazima na hedifoni ambayo upande wa kulia haufanyi kazi. Wenzake wakipiga picha na wewe, yeye anapunguza besi. Jioni ya kwanza ataondoka na wimbo mmoja umekwisha, asubuhi atarudi na wa pili. Huyo mpe cheti chake mapema, umpe na nauli.